Tunamsahau Odhiambo, huku tukiuziwa sumu kwa jina la dawa

Wanafunzi wetu wa shule za upili wanamjua Louis Pasteur kwa maziwa yake na Alexander Fleming kwa ukungu wake. Watajie Thomas Risley Odhiambo, nao watakutazama kana kwamba umewatajia diwani wa wadi ya jirani. Baadhi ya walimu wao nao hawana la kuongeza. Mimi ni mwanaisimu, na msomaji ana haki ya kuuliza wadudu wananihusu nini. Nilifika kwa Odhiambo kwa njia ya neno, na neno lenyewe nililiokota katika mtaa wa Pipeline, huku Embakasi, mashariki mwa Nairobi.

Asiyeujua mtaa huu na auwazie hivi: majumba ya ghorofa saba, ghorofa nane, yamesongamana hata nguo zilizoanikwa kwenye roshani za jengo moja karibu ziguse zile za jengo la pili, na jua halifiki chini ila saa za adhuhuri. Jina la mtaa limetokana na bomba la mafuta ambalo tangu mwaka 1978 limekuwa likisukuma petroli na dizeli kutoka Mombasa hadi Nairobi. Palipo na watu wengi katika vyumba vidogo, kunguni na mende hawakosi. Na palipo na kunguni, mwenye kuwaua kwa malipo hayuko mbali. Mchuuzi hupita vichochoroni na kipaza sauti akitangaza dawa ya kunguni, dawa ya mende, dawa ya panya. Baadhi ya bidhaa zake zina kibandiko na nambari ya usajili. Nyingine ni kimiminika kilichotiwa katika chupa ndogo ya plastiki ambayo zamani ilikuwa na kitu kingine, bila jina, bila onyo, bila maelezo ya namna ya kuitumia.

Neno nililoliokota ni hilo: dawa. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kitu kiponyacho. Kiswahili kikalitanua. Tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, na sasa dawa ya mende, na kila moja inaeleweka bila taabu. Lakini utanuzi huu una gharama yake, kwani mama anayelinyunyizia godoro la mtoto wake dawa ya kunguni amekwisha kushawishiwa na lugha yenyewe kwamba kilichomo mkononi mwake ni cha upande wa uzima. Wataalamu wa istilahi walituundia neno kiuatilifu, na kwa hakika ni istilahi iliyoundwa vizuri, ila sijawahi kumsikia mchuuzi wa Pipeline akilitamka. Neno sumu hulikwepa kwa sababu zilizo wazi.

Sasa nije kwa marehemu Profesa.

Alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931, akasoma Maseno, kisha Makerere. Katika miaka ya 1950 alifanya kazi katika Idara ya Kilimo ya Uganda, na kazi yake ilikuwa wadudu wa mimea. Huko aliwashughulikia sana wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, ambao tungeweza kuwaita kunguni wa mimea kwa kuwa ni wa ukoo mmoja mpana na hawa kunguni wetu wa vitandani. Aliandika makala baada ya makala ya kuwaainisha. Ni kazi ya kuchosha: kuhesabu pingili za vipapasio chini ya hadubini, kupima urefu wa mguu, kulinganisha mdudu wa Kawanda na mdudu wa Kongo. Watu wengi hawaistahimili kwa mwaka mmoja.

Mwaka 1959 alichapisha uchunguzi kuhusu mdudu mwingine wa ukoo huo, awindaye wadudu wenzake na kuwafyonza. Katika mdudu huyo, dume ndiye anayekaa juu ya mayai na kuyalinda dhidi ya maadui hadi yaanguliwe. Natua hapa kidogo kwa sababu naona jambo hili linatueleza tabia ya mtu. Aliyekaa akimtazama baba wa wadudu akilea mayai yake hawezi tena kuridhika na fikra kwamba mdudu ni kitu cha kunyunyiziwa tu. Ameshaona kwamba mle ndani mna mwenendo, na mwenendo una sababu zake mwilini.

Mwaka huo huo alikwenda Cambridge, katika Chuo cha Queens', na hatimaye akafanya utafiti wa udaktari chini ya Vincent Wigglesworth. Huyu Wigglesworth ndiye aliyekuwa ameonyesha, katika miaka ya 1930, kwamba ukuaji wa mdudu huongozwa na homoni zitokazo kichwani. Mdudu aliyemtumia alikuwa mfyonza damu wa Amerika ya Kusini. Odhiambo alichagua mnyama wa kwetu: nzige wa jangwani.

Wakati huo nzige walikuwa tishio kubwa katika Afrika ya Mashariki. Shirika la nchi zetu la kupambana nao liliundwa mwaka 1962, na silaha iliyotegemewa ilikuwa kemikali, hasa dieldrini, iliyomwagwa kutoka ndegeni na kupakwa juu ya majani. Wakati wengine walipouliza ni lita ngapi zinazotosha kuliangamiza kundi, kijana huyu kutoka Kenya aliketi maabarani akiuliza nzige anayatunzaje mafuta yake.

Swali hilo linaonekana la kipuuzi hadi tukumbuke nzige ni kiumbe gani. Nzige huvuka nchi nzima kwa mabawa, na kuni zake katika safari ndefu ni mafuta. Hana ini kama letu, wala hana tabaka la mafuta chini ya ngozi. Ana kiungo kimoja kilichosambaa tumboni, ambacho wataalamu hukiita mwili wa mafuta, nacho hufanya kazi zote mbili: ni ghala la kuwekea akiba, na ni jiko la kupikia kemikali ambazo mwili unazihitaji. Nyuma ya ubongo wake kuna tezi mbili ndogo mno. Odhiambo alizitoa tezi hizo kwa upasuaji katika nzige madume, kisha akafuatilia yatakayotokea.

Matokeo aliyachapisha mwaka 1966. Nzige aliyenyimwa tezi zake alirundika mafuta. Ghala lilijaa, lakini mlango wa kutolea akiba ulikuwa kama umefungwa. Na katika makala iliyofuata alionyesha kwamba nzige huyo huwa mlegevu: hatembei na kuhangaika kama mwenziwe mzima. Kwa maneno mengine, homoni ndogo kabisa, ambayo huwezi kuiona wala kuipima kwa mizani ya dukani, ina usemi katika kuamua kama mafuta ya mnyama yatawekwa au yatachomwa, na kama mnyama atakuwa mchangamfu au mzito.

Ningependa mwalimu wa biolojia alifikirie jambo hili pamoja na wanafunzi wake. Ikiwa kiasi kidogo hivyo cha kitu kitokacho ndani ya mwili kinaweza kuyatawala mafuta, je, kitu kidogo kitokacho nje, kilichotengenezwa makusudi ili kuuvuruga mwili wa mdudu, hakiwezi kuyavuruga mafuta ya wanyama wengine? Hili ndilo swali ambalo sayansi imekuwa ikilijibu, kipande kwa kipande, tangu siku za Odhiambo hadi leo.

Kipande cha kwanza kilikuwa kinajulikana mapema. DDT, ambayo Paul Müller aligundua nguvu yake ya kuua wadudu mwaka 1939 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948, haiyeyuki katika maji. Huyeyuka katika mafuta. Dieldrini ya nzige ni vivyo hivyo. Mnyama akila kidogo leo na kidogo kesho, mkojo wake hauwezi kuiondoa. Huhamia katika mafuta na kukaa humo kwa miaka. Hapo Kiswahili kina jambo la kutusaidia, maana neno letu mafuta hutumika kwa yale yapitayo bombani, yale ya kukaangia mandazi, na yale yaliyomo nyamani na katika maziwa. Mtoto wa Pipeline anajua kwamba doa la oili kwenye shati halitoki kwa maji matupu. Aambiwe kwamba sumu hizi ni wenzi wa doa hilo, ataelewa kwa nini hukimbilia katika mafuta ya ng'ombe, ya samaki na ya binadamu.

Sumu iliyomo ghalani yaweza kukaa kimya. Hatari huja ghala linapofunguliwa. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio walilowafanyia popo wachanga waliokuwa na mabaki ya DDT katika mafuta yao. Waliwanyima chakula na kuwafanya waruke, kama ambavyo popo hufanya wanapohama. Mafuta yalipoungua, sumu iliyokuwamo ikapanda hadi ubongoni, ambao nao una mafuta mengi. Popo wakatetemeka wakafa. Hawakuwa wamekula sumu yoyote siku ile. Waliuawa na akiba yao wenyewe.

Kwa binadamu, mlango mmojawapo wa ghala hilo ni maziwa ya mama. Kati ya mwaka 1983 na 1985 wanasayansi walipima maziwa ya akina mama katika sehemu mbalimbali za Kenya, kikiwemo kisiwa cha Rusinga, wakakuta mabaki ya DDT. Mwaka 1986 Kenya ilipiga marufuku matumizi ya DDT katika kilimo. Nayachukia makala yanayowatisha mama wanaonyonyesha, na sitaki haya yasomwe hivyo: madaktari hawakuacha kuwahimiza mama kunyonyesha, na walikuwa na haki. Niliyoyataja yanaonyesha tu njia ambayo kitu kilichomwagwa shambani hupitia hadi kufika mdomoni mwa mtoto asiye na meno.

Kipande kingine ni kipya zaidi, na ndicho kinachonirudisha kwa nzige wa Odhiambo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada walichapisha habari za kloripirifosi, kiuatilifu ambacho kimetumika mno duniani mashambani na hata dhidi ya mchwa. Hiki si cha jamii ya DDT, wala hakikai mwilini kwa miaka. Watafiti waliwalisha panya chakula chenye mafuta mengi, na baadhi yao wakawachanganyia kloripirifosi kwa kiasi kidogo sana. Wanyama wenye maziwa, sisi tukiwamo, wana mafuta ya aina mbili. Yale meupe huweka akiba; yale ya kahawia huchoma akiba ili kutoa joto. Panya waliopewa kiuatilifu walipoteza sehemu ya nguvu ya mafuta yao ya kahawia kuchoma chakula. Wakanenepa zaidi, mafuta yakajikusanya hata katika maini yao, na miili yao ikaacha kuitii vizuri insulini. Hawakula kupita wenzao. Jiko lilikuwa limepunguziwa moto.

Panya si mtu, na mwandishi yeyote atakayeandika kwamba unene wa wakazi wa Nairobi umeletwa na viuatilifu atakuwa amesema jambo lisilothibitishwa. Chipsi na kukaa kitako vingali na mashtaka yao. Lakini mwaka 2025 mataifa yaliyo katika Mkataba wa Stockholm yaliamua kuiingiza kloripirifosi katika orodha ya kemikali za kuondolewa, na mwaka huo huo serikali ya Kenya ilitangaza kuondoa makumi ya bidhaa za viuatilifu sokoni. Chupa isiyo na kibandiko haisomi matangazo. Mnunuzi wa Pipeline hawezi kujua kama amebeba kitu kilichokatazwa, kilichoruhusiwa kwa shamba la kahawa peke yake, au maji yaliyotiwa rangi.

Turejee kwenye maisha ya mtu wetu. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1965, akarudi nyumbani kufundisha katika Chuo cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Mwaka 1967 aliandika katika jarida la Science makala kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika ya Mashariki, akitetea wazo kwamba Waafrika wafanye utafiti wa hali ya juu hapa hapa, katika mambo yanayowagusa. Mwaka 1970 wazo hilo likazaa Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, ICIPE, kilichoanzia Chiromo. Odhiambo alikiongoza hadi mwaka 1994.

Msomaji aliangalie jina la kituo. Halimo ndani yake neno la kuua. Fiziolojia kwanza: mwili wa mdudu unafanyaje kazi. Wataalamu wakubwa wa kemia walikuja kusaidia, miongoni mwao Carl Djerassi, ambaye jina lake limefungamana na kidonge cha kupanga uzazi, na Koji Nakanishi, Mjapani aliyebobea katika kemia ya vitu vya asili. Mwaka 1976 Nakanishi na wenzake walieleza kemikali waliyoipata katika mti wa muthiga, ambao wazee wetu walitafuna maganda yake kwa kutibu kikohozi na maumivu ya tumbo. Kiwavijeshi akiwekewa jani lililopakwa kemikali hiyo, hukataa kula. Huko Nguruman, katika miaka ya 1980, watafiti wa kituo walibuni mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi, wenye harufu ya mkojo wa ng'ombe, unaomnasa mbung'o bila tone la kiuatilifu kumwagwa mbugani.

Hakukosa walaumu. Walikuwapo waliosema kwamba anachezea homoni katika maabara ya kifahari, kwa fedha za wafadhili wa ng'ambo, na huku mkulima wa Busia analia na vidumuzi wa mtama. Lawama ya fedha za ng'ambo naikubali. Kituo cha Kiafrika kinacholishwa na mataifa mengine hakina budi kusikiliza mwenye sahani anataka nini, na serikali zetu ndizo za kulaumiwa kwa hilo kuliko yeye. Lawama ya homoni siikubali hata kidogo. Mbinu ya kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi ili kumfukuza dumuzi, na majani ya nepia kando ya shamba ili kumvuta, ilianza kufanyiwa kazi katika miaka ya 1990 kule Mbita, mkabala wa kisiwa cha Rusinga, katika kituo alichokijenga yeye. Isingewezekana kama hapangekuwa na watu waliozoea kujiuliza mdudu ananusa nini na kwa nini.

Na watu hao aliwatengeneza. Mwaka 1983 kituo kilianzisha mpango wa kuwafundisha Waafrika uzamifu katika sayansi ya wadudu kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya bara zima. Alikuwa mmoja wa waasisi wa Chuo cha Sayansi cha Afrika mwaka 1985 na rais wake wa kwanza. Mwaka 1987 alipewa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegali, Tuzo ya Afrika ya Uongozi kwa kupambana na njaa. Alifariki Nairobi tarehe 26 Mei 2003. Kituo cha Mbita sasa kinaitwa kwa jina lake.

Kama mwanaisimu, kuna jambo moja dogo ambalo limenifurahisha kuliko tuzo hizo. Makao makuu ya ICIPE, kule Kasarani, yanaitwa Duduville. Nusu ya jina ni ya Kizungu, na wapenzi wa Kiswahili sanifu watakunja uso. Mimi naitazama nusu ya kwanza. Kiswahili humpa mdudu ngeli ya viumbe hai, kisha mtu akitaka kumdharau au kumtisha mtoto, humtoa katika ngeli hiyo na kumwita dudu, kitu kikubwa kibaya kisicho na jina. Hapo Kasarani neno la kutishia watoto limekuwa jina la mji wa wanazuoni.

Walimu wa shule za Pipeline, Tassia na Kware huniambia kwamba hawana maabara za kutosha, nami ninawaamini kwa kuwa nimeziona. Hata hivyo somo hili halihitaji maabara. Mwanafunzi na aende kwa mchuuzi pamoja na mzazi wake, asishike chupa, aulize maswali matatu: kemikali iliyomo inaitwaje, imesajiliwa kwa nambari gani, na imekusudiwa kutumika wapi. Ayaandike majibu daftarini kwa Kiswahili, pale atakapoandika dawa afikirie kama ndilo neno analolitaka, na darasa lisomewe. Mchuuzi asipokuwa na jibu, hilo nalo ni jibu la kuandikwa. Kisha, pakipatikana basi la shule, barabara ya Outering inatoka Pipeline ikaishia Thika Road, na kutoka hapo hadi Kasarani si mbali.